Laini ilizimika Jumamosi jioni, Jumatatu floti haipo. Walipitia wapi?

Mama Shamimu, Busia

Habari zenu jamani. Mimi ni wakala wa mobile money hapa Busia, upande wetu wa Uganda, mwaka wa sita sasa kwenye kibanda kilekile. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Jumamosi iliyopita, kama saa kumi na moja na nusu jioni, simu ya kazi ilipoteza mtandao. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba mteja ananiandikia kiasi anachotaka kwenye karatasi kwa sababu hatusikilizani. Nikadhani ni mnara. Nikazima, nikawasha, nikatoa laini, nikaifuta kwa kanga, nikairudisha. Wapi! Jirani zangu wawili walikuwa na mtandao kama kawaida, nami nikajiambia basi ni simu imezeeka. Nikafunga, nikaenda zangu nyumbani. Jumapili huwa sifungui. Jumatatu saa mbili asubuhi nikaenda kwenye duka la huduma, kijana akaingiza namba yangu kwenye kompyuta, akanitazama, akasema, "Mama, laini hii ilirudishwa Jumamosi, namba yako ikahamia kwenye kadi mpya. Si wewe uliyekuja?"

Floti yangu, yaani hela za kazi ninazowawekea wateja, ilikuwa shilingi 2,859,400 za Uganda. Nimekuta 1,400. Nadhani waliidharau.

Wamenichapishia taarifa ya akaunti. Miamala sita, yote ndani ya dakika ishirini na nne: tano za 500,000 na moja ya 358,000. Kila mmoja ni "kuweka" kwenye laini ya mtu, kama ninavyomwekea mteja yeyote. Yaani kwenye karatasi ni mimi niliyekuwa nafanya kazi, tena kwa bidii kuliko siku zote.

Sasa swali langu. Namba ya siri sijampa mtu, hata mume wangu haijui. Sijapigiwa na mtu wa "umeshinda zawadi". Sijabonyeza linki yoyote, na ningebonyezea wapi? Simu yenyewe ni katochi ya vitufe, haina hata WhatsApp. Mume wangu anasema wadukuzi wana mashine inayovuta namba hewani. Mama mkwe anasema ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta hela, nitafute mtu. Nataka mtu anayejua mambo haya aniambie walipitia mlango gani, maana Alhamisi nafungua tena na mlango wenyewe bado uko wazi.

---

Kijana wa Bwaise

Pole mama, lakini hapo hakuna udukuzi. Mdukuzi ni mtu wa kompyuta anayeandika programu na kuvunja mifumo. Hawezi kuja Busia kuhangaika na katochi. Huo ni wizi wa kawaida: uliitaja namba ya siri mbele ya mtu ukasahau, halafu kuna mtu wa dukani aliyewasaidia. Badilisha namba ya siri, songa mbele.

---

Fundi wa Arua

Mdogo wangu wa Bwaise, umesema nusu ya kweli kwa sauti ya mtu mwenye kweli nzima.

Nimefungua simu za watu miaka kumi na minne, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye kituo cha kupokea simu za wateja Kampala, ambako malalamiko ya namna hii yalikuwa yanaingia kuanzia Jumatatu asubuhi kama foleni ya maji. Nakuambia hivi: hata hao wakubwa wa kompyuta unaowaheshimu huwa wanaanza na mtu. Chukua wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh wa Februari 2016. Walitaka karibu dola bilioni 1, wakafanikiwa kuondoka na milioni 81. Waliingiaje? Waliandika barua pepe kwa wafanyakazi wa benki wakijifanya mtu anayetafuta kazi, na linki ya kusoma wasifu wake. Hapakuwa na mashine ya kuvuta kitu hewani. Mtu mmoja mwenye huruma alibonyeza, programu ikaingia, wakakaa humo ndani karibu mwaka mzima wakijifunza nani anaidhinisha nini na saa ngapi.

Kwa hiyo Mama Shamimu, acha kuuliza waliivunja vipi simu yako. Ili laini irudishwe wanahitaji kitambulisho chako. Ili floti itoke wanahitaji namba yako ya siri, kwa sababu ukirudisha laini namba ya siri ya pesa haibadiliki, inabaki ileile. Hayo ni mambo mawili, na mara nyingi wanayachukua siku mbili tofauti, kwa watu wawili tofauti, usiweze kuyaunganisha.

Nijibu haya. Ndani ya mwezi huu kuna mtu amekiona kitambulisho chako, hata kwa dakika moja, hata kwa sababu nzuri? Halafu ichukue hiyo katochi uiweke juani, utazame vitufe vyake. Usihesabu sifuri na saba, hizo zinachakaa kwa kila wakala wa nchi hii, kwa kuwa namba za wateja zinaanza na 07 na viwango vinaishia na masifuri. Tazama nyingine. Usiandike hapa unachokiona.

---

Mama Shamimu, Busia

Fundi, umenikosesha usingizi.

Nimeitoa simu nje. Ukiondoa hizo ulizosema, kuna vitufe vinne ambavyo tarakimu hazisomeki tena. Vimekuwa vyeupe, laini kama mbegu ya tikiti iliyonyonywa. Vile vingine vyote bado vinasomeka. Ni namba yangu ya siri hiyo hapo, nimeianika kaunta miaka miwili, kila mteja anaisoma akisubiri hela zake. Wenzetu ng'ambo ya mpaka simu hii wanaiita mulika mwizi. Kweli imemmulikia.

Na kitambulisho: ndiyo. Jumanne ya wiki ileile alipita kijana mwenye kizibao na beji shingoni, ana faili na kile kimashine cha vidole. Anasema wanahakiki mawakala, asiyehakikiwa laini yake itafungwa mwisho wa mwezi. Alikuwa na adabu sana, aliniita mama kila sentensi. Alikipiga picha kitambulisho mbele na nyuma. Akanipa kimashine, nikaweka kidole. "Mama, hakijashika, jaribu tena." Nikaweka. "Bado, futa jasho." Nikaweka mara ya tatu. Akasema asante, akavuka barabara kwenda kwa jirani. Nilimpa hadi soda.

Kinachoniuma zaidi ni hiyo soda.

---

Kijana wa Bwaise

Fundi, hilo la vitufe nimelikubali, ila bado kuna tatizo. Tarakimu nne bila mpangilio si namba ya siri. Mashine inakufungia ukikosea mara tatu.

---

Fundi wa Arua

Swali zuri, na hesabu yake ndogo. Asiyejua chochote ana njia 10,000 za kujaribu. Anayejua vitufe vinne vilivyochakaa amebaki na 24. Sasa simama mbele ya kibanda kama mteja anayesubiri, uone kidole gumba cha mama kinaanzia wapi: zinabaki 6. Uone na kinapoishia: zinabaki 2. Majaribio matatu yanamtosha na moja linabaki. Wala hahitaji kuangalia kwa makini, kwa sababu wakala anabonyeza namba ileile mara arobaini, hamsini kwa siku. Anakuja, anatoa 20,000, anarudi baada ya saa moja kuweka 15,000, anakula chapati pale nje, anarudi tena. Mnamwona mteja mzuri.

Kuhusu "kidole hakijashika": mara nyingi kimeshika tangu mara ya kwanza. Kila unapogusa tena inaweza kuwa ombi jingine linalopita kwa jina lako. Moja kurudisha laini, lingine kusajili laini mpya ambayo wewe huijui na itakuja kupokea hela za mtu aliyeibiwa Soroti. Ndiyo maana polisi wakifuatilia zile laini sita zilizopokea hela zako, wana bahati mbaya ya kumkuta bibi wa kijijini aliyewahi kusajiliwa kwa ajili ya vyandarua. Kwa hiyo ukienda dukani uliza laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Zikizidi zile unazozijua, zifungwe zote hapohapo, na usiondoke hadi uone zimefungwa.

Na kwa nini Jumamosi jioni? Narudi Bangladesh kidogo, hapa pananifurahisha kwa ubaya wake. Maagizo yaliondoka usiku wa Alhamisi, na wao wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi. Dhaka walipofungua Jumapili na kugundua, New York zilikokuwa hela ilikuwa Jumapili, pamefungwa. New York walipofungua Jumatatu, Manila zilikofika hela ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Printa iliyokuwa ichapishe taarifa za miamala pale benki walikuwa wameiharibu, na wafanyakazi wakadhani ni printa tu imeleta matatizo, kama siku zote.

Mama, wewe ulisema "nikadhani ni simu imezeeka". Wao walisema "ni printa". Hukuwa mjinga kuliko benki kuu ya nchi.

---

Hajati wa Kisenyi

Assalamu alaykum. Pole mwanangu. Na wala usiende mbali hadi Bangladesh. Novemba 2024 Waziri wa Nchi wa Fedha, Henry Musasizi, alisimama bungeni hapa Kampala akakiri kwamba akaunti za Benki Kuu yetu ziliingiliwa, ila akasema si kwa kiasi kilichokuwa kinatajwa. Kwa hiyo futa machozi.

Mimi nilifanya kazi ya ukarani kwa mawakili miaka mingi, nakueleza la karatasi. Ile taarifa ya miamala sita itoe nakala tatu. Nenda kituo cha polisi ufungue faili, upewe namba ya kumbukumbu, na maelezo yako yawe na saa kamili: mtandao ulipotea saa ngapi, laini ilirudishwa saa ngapi kwa mujibu wa kompyuta ya duka, muamala wa kwanza saa ngapi. Usiseme "jioni". Eleza na yule kijana wa kizibao, siku aliyokuja na vibanda alivyopita. Jirani zako nao wakaandikishe, maana kama aliwapiga picha, zamu yao inakuja. Ukiambiwa hii ni kesi ya madai, ni deni tu, kataa kwa heshima. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inautaja ulaghai wa kielektroniki kama kosa la jinai, na kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa lingine pembeni yake.

Halafu andika barua kwa kampuni ya simu, usipige tu. Ukipiga utaambiwa "tunalishughulikia, nyabo" hadi uzeeke. Waulize ni duka gani liliirudisha laini na ni mtumishi gani aliyeingia kwenye kompyuta saa ile. Kuna alama ya mkono wa mtu pale, na wanayo.

Kama laini hiyo imeunganishwa na akaunti ya benki, pita benki leo, kabla ya chakula cha mchana.

---

Mwalimu, Mbale

Naongezea la kwetu shuleni. Sisi walituingilia kwa WhatsApp. Mwalimu mwenzetu alipata ujumbe kutoka kwa namba ya mwalimu mkuu mstaafu: "Nimekutumia namba ya kuingilia mkutano, nisomee." Zikaja tarakimu sita kwa meseji, akasoma. Zilikuwa tarakimu za kufungulia WhatsApp yake kwenye simu nyingine. Dakika tano baadaye "yeye" anatuomba sote 150,000 za hospitali. Wanne tulituma, mimi mmojawapo. Nilituma bila kumpigia, kwa kuona aibu kumuuliza mgonjwa maswali.

Kuirudisha, unaisajili upya namba yako, zinakuja tarakimu mpya kwenye laini yako, ukiziingiza mwizi anatolewa. Lakini yeye alikuwa ameshaweka ile PIN ya hatua ya pili, ikabidi tusubiri siku 7. Basi iweke wewe kabla hajaiweka yeye, iko kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti. Nimemaliza, nina daftari za kusahihisha.

---

Kijana wa Bwaise

Sawa, nimekaa chini. Na kwa kuwa leo ni siku ya kukiri, na mimi nikiri, mwanafunzi wa kompyuta mwaka wa pili.

Mwaka jana nilihitaji 80,000 za karo iliyopelea. Nikatumiwa linki ya apu ya mkopo, haikuwa kwenye duka la apu, unapakua faili lenyewe kisha simu inakuuliza kama una hakika. Nikasema nina hakika. Ikaomba ruhusa kusoma meseji, majina yote kwenye simu, picha. Nikabonyeza kubali, kubali, kubali, kama mtu anayefukuza nzi. Nilipochelewa kulipa siku mbili, ikawatumia watu wangu meseji kwamba mimi ni mwizi anayesakwa. Aliipata mama. Aliipata mchungaji. Aliipata mwenye kibanda cha rolex, chapati ya mayai, anayenikopesha, akaacha kunikopesha. Na wakati wote huo ilikuwa na ruhusa ya kusoma meseji zangu, maana yake tarakimu zozote za benki zinazoingia inaziona kabla yangu. Nilikuja kuelewa hayo darasani miezi mitatu baadaye, mhadhiri akitoa mfano, nikajifanya naandika.

Kwa hiyo aliyenidukua hakuvunja chochote. Nilimfungulia mwenyewe.

---

Fundi wa Arua

Umekua, mdogo wangu.

Mama Shamimu, kabla hujafungua Alhamisi. Katochi nyingine si ghali, na hiyo ya zamani mpe mtoto achezee. Namba ya siri ibadilishe, na ukiwa unabonyeza, mkono wa kushoto uwe juu kama unazuia jua. Mteja akiona vibaya na aone. Simu ya kazi ikipoteza mtandao huku ya jirani inao, usiifute kwa kanga. Azima ya jirani hapohapo, pigia kampuni, sema "funga namba yangu", mengine yatafuata. Kati ya kuzimika kwa laini na muamala wa kwanza wewe ulikuwa na muda gani?

Na kuna kitu sijakuuliza. Kitabu chako cha miamala, kile cha majina na namba na sahihi za wateja, unakiweka wapi?

---

Mama Shamimu, Busia

Nimeangalia karatasi. Laini ilikata 5:34 jioni kwa saa ya kizungu, muamala wa kwanza 6:07. Dakika thelathini na tatu, nami niko pale pale napambana na kanga.

Faili nimefungua, Hajati, saa zote nimeandika. Jirani zangu wawili nao walipigwa picha na yule kijana, mmoja ameshakwenda kubadilisha namba, mwingine anasema Mungu yupo. Dukani nimekuta laini mbili kwa jina langu ambazo sizijui. Zimefungwa, nimesimama hadi nikaona.

Kitabu. Fundi, kitabu changu kimefungwa kamba kwenye kaunta, kinatazama mteja, kimefunguka. Anasaini mwenyewe. Anayefuata anasaini chini yake, na anasoma wa juu wote: jina, namba ya simu, kiasi.

Ulipouliza hivyo nilinyamaza kidogo, kisha nikafungua kurasa za mwezi uliopita. Kuna mzee mmoja muuza samaki, mteja wangu tangu nianze. Alitoa 300,000 siku ya Ijumaa, hata hajafika nyumbani akapigiwa na mtu aliyejua jina lake, kiasi, na kibanda alikotoa. Akaambiwa muamala una kasoro, awataje namba ya siri warekebishe. Akataja. Zilizobaki kwenye simu zikaenda. Alirudi hapa akaniambia mbele ya watu, "Ni wewe tu uliyejua." Nami nikamjibu maneno ambayo sitayaandika. Nikamwambia akatafute chuma ulete wake kwingine.

Mstari wake upo hapa. Chini yake, dakika nane baadaye, kuna jina la mteja aliyetoa 10,000, kwa mwandiko mzuri sana.

Nimempigia mzee mara mbili jioni hii kwa simu ya binti yangu. Hapokei. Baada ya yaliyompata, naona namba asiyoijua haipokei tena. Kesho asubuhi nachukua boda hadi kwake.